Mtutu Mnene wa Mzee wa Chini

Nianze kwa kujisema mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine: mwaka jana niliweka bonge la madini ya risasi ndani ya mtungi wa achari. Sikuliweka kando ya mtungi wala juu ya kifuniko. Nililiweka ndani. Nilikuwa nimesindika kabichi na pilipili kwa siki, na kabichi ikawa inaelea juu kama mtu anayekataa kuamka, nikatafuta kitu kizito cha kuikandamiza. Kwenye stoo yetu ya chini, nyuma ya kigari cha kutelezea thelujini na mabegi ya nguo zisizonitosha tena, nilikuta kipande cha kijivu chenye umbo la mkate mdogo, kizito kuliko nilivyotegemea. Nikakiosha kwa sabuni. Unapojiandaa kunihukumu naomba uliweke hilo akilini. Nilikiosha kwa sabuni.

Kilichoniokoa ni kujisifu. Mimi ni mtu wa kukaa ndani, na watu wa ndani tukipika kitu lazima tukipige picha, la sivyo nani atajua. Nikamtumia Baba picha ya mtungi wangu. Baba siku hizi anakaa na Mama Hallunda, upande mwingine wa Stockholm, na kwa kawaida hujibu picha zangu kwa kidole gumba, tena kesho yake. Safari hii alipiga simu papo hapo. Aliniuliza nimeonja? Nikasema kidogo tu, kwa ncha ya kidole. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaniambia nitupe vyote, mtungi na kabichi yake, niende nikapimwe damu. Damu ilionekana salama. Nesi aliandika kwenye kompyuta kwa muda mrefu kuliko ninavyodhani ilihitajika.

Kile kipande nilikipeleka kwenye kituo cha taka za hatari, na njia nzima nilikipakata mapajani kama mtoto wa mtu. Nilikuwa nimeshakumbuka kilikotoka.

Utoto wangu ulikuwa Akalla, ukingoni mwa Stockholm, kwenye nyumba hii hii ninayokaa mpaka leo, mwisho wa njia ya bluu ya treni, pale treni ikifika inakosa pa kwenda inageuka. Baba yangu kule Uvira, Kongo, alikuwa fundi wa kusubu sufuria. Walikuwa wanaokota vyuma vya aluminiamu, vipande vya injini, masufuria yaliyotoboka, wanayeyusha na kumimina kwenye mchanga, na jioni kunatoka sufuria mpya zinazong'aa. Hapa Stockholm kazi aliyopata ilikuwa kuosha mabasi gereji. Akirudi nyumbani alikaa kwenye kochi akitazama dirishani. Hakuwa mkali, hakuwa mlevi. Alikuwa amekaa tu. Mama alimwekea sahani pembeni, naye alishukuru, akala, akaendelea kutazama. Mwalimu alipotuuliza darasani baba zetu wanafanya kazi gani, nilisema wangu analinda maegesho ya magari. Niliamini hivyo kabisa. Maegesho ya chini ya dirisha letu yalikuwa hayatoki machoni pake.

Chini yetu alikaa mzee mmoja Msweden, fundi mstaafu wa mashine za kuchonga chuma. Nyumbani tulimwita Mzee wa Chini. Kwenye lifti alikuwa anatazama zile namba zinavyobadilika, sisi tunatazama viatu vyetu, na hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani miaka kadhaa. Lakini Mama alikuwa amekodi kipande cha bustani kule nyuma ya nyumba, upande wa mashamba, apande lengalenga, ule mchicha wetu, na maharage. Kumbe kipande cha jirani kilikuwa cha yule yule mzee. Yeye alipanda viazi, na alikuwa na kibanda chekundu ambacho mlango wake haukufunguliwa mbele za watu.

Siku moja ya kiangazi ulifunguliwa. Mimi nilikuwa napalilia, maana yake nilikuwa nang'oa lengalenga na kuacha magugu. Ikatoka harufu ya mshumaa uliozimwa, lakini nzito zaidi, yenye chuma ndani yake. Niliona Baba anainua pua kabla hajainua kichwa. Akaweka ndoo ya maji chini na kuvuka uzio mdogo wa jirani bila kubisha, yeye ambaye hata dukani alikuwa anangoja nimsukume.

Mle kibandani mzee alikuwa na jiko la gesi na chungu cha chuma, na ndani ya chungu kulikuwa na madini ya risasi yanayong'aa kama kioo. Alikuwa ametupa kipande cha mshumaa humo ili takataka zipande juu, kisha akawa anaziengua kwa kijiko. Baba akasimama mlangoni. Mzee akamtazama. Baba akaonyesha chungu, akaonyesha mikono yake mwenyewe, halafu akaniita nije niseme kilichobaki.

Nikawa mkalimani. Kiswidi changu kilikuwa cha shule na cha katuni, na ghafla nilitakiwa kujua kalibu, lile umbo la kumiminia, inaitwaje, na uji wa chuma, na ukungu unaotanda juu yake. Mzee alikuwa anasubu vichwa vya risasi vya bunduki yake ya shabaha, kimoja kimoja, kwenye kalibu ndogo ya chuma yenye mikono miwili kama koleo. Akampa Baba ajaribu. Baba akamimina kwa madaha, kama fundi mkuu anayerudi karakanani, akafungua kalibu, na kilichodondoka kilikuwa na makunyanzi kama zabibu kavu. Cha pili vilevile. Mzee akacheka sana, na hicho ndicho kicheko cha kwanza tulichowahi kukisikia kutoka kwake. Baba alizoea mchanga na aluminiamu. Hakujua kwamba kalibu ya chuma lazima ipate moto kwanza, la sivyo madini yanaganda kabla hayajajaza pembe zote. Alijifunza hilo siku ile ile, na jioni mezani alinieleza mimi, ambaye nilikuwa nimemtafsiria.

Tangu hapo Baba alikuwa na pa kwenda. Gereji walikuwa wanatupa vile vipande vidogo vya kusawazisha magurudumu, akawa anaviomba na kuvileta kwenye mfuko wa plastiki. Madini hayo peke yake ni laini mno, mzee alisema, yanahitaji bati kidogo yawe magumu na yatiririke vizuri. Bati alilipata wapi? Kwenye vikombe vyake vya ushindi. Kabatini alikuwa na safu ya vikombe alivyoshinda kwenye mashindano ya kulenga, na alikuwa anaviyeyusha kimoja baada ya kingine ili atengeneze risasi za kwenda kushinda vingine. Baba alipoelewa hilo alinishika bega akacheka mpaka akaketi kwenye gunia la viazi. Mama alikuwa kwenye lengalenga zake. Alinyanyua kichwa, akasikiliza, akarudi kuinama. Sijui kama unaelewa. Ulikuwa umepita muda tangu tusikie kicheko hicho.

Ubaya ni kwamba risasi zikishatengenezwa zinataka kupigwa. Mzee alikuwa na bunduki ya zamani iliyobaki mtambo na kitako tu, haina mtutu. Akasema ataifungia mtutu, Baba aje naye kwenye uwanja wa chama chao cha shabaha huko msituni, apige chini ya uangalizi wake. Akipenda, atajiunga, atafanya mtihani, ataomba kibali polisi taratibu. Baba alilileta jambo hilo mezani akijifanya anaomba chumvi.

Mama aliweka mwiko chini. Lazima nikueleze kuhusu Mama na milio. Kila mkesha wa mwaka mpya, Akalla nzima ilipoanza kurusha fataki, sisi tulihamia bafuni. Mama alifungua maji ya bomba yote, moto na baridi, akatukalisha ukingoni mwa beseni la kuogea na kuimba nyimbo za kanisani mpaka kuishe. Mimi nilidhani kila familia ina bafu lake la mwaka mpya. Kule walikotoka aliwahi kulala kifudifudi shambani na mimi mgongoni, na alijua kwa sikio tu bunduki ikilia iko wapi na inaelekea wapi. Hakupenda kulisema. Siku ile alisema neno moja tu, kwamba bunduki haitapita kwenye mlango alioufunga yeye kwa mkono wake.

Baba hakubishana. Alirudi kwenye kochi. Na hicho ndicho kilichotutisha wote, hata Mama. Mfuko wa vipande vya gereji ukakaa mlangoni, kibandani hakwenda, na dirisha likampata tena. Alijaribu kumpelekea mchungaji lile jambo. Mchungaji alisema ataliombea, na kwa sisi tunaomjua, maana yake ni kwamba naye alikuwa anamwogopa Mama.

Wiki haikuisha, Mama akafunga kitambaa chake, akanishika mkono, tukashuka ngazi hadi kwa Mzee wa Chini. Baba hakuambiwa. Mzee alifungua mlango akiwa na soksi za sufi, akaona sura ya Mama, akasogea pembeni bila kuuliza. Jikoni kwake kulikuwa na saa ya ukutani na harufu ya kahawa iliyokaa. Mama alisema anataka kuviona hivyo vitu.

Mzee akafungua kabati la chuma la kufungia bunduki, akatoa mitutu mitatu na kuilaza juu ya gazeti, mmoja mmoja, kama mtu anayepanga samaki. Nikawa nasimama katikati yao, mara Kiswidi, mara Kiswahili, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaharakisha nililielewa somo lenyewe vizuri, pengine kuliko somo lolote la shule, na shule yenyewe sikufika nayo mbali.

Wa kwanza ulikuwa mwembamba. Huo ndio Baba aliokuwa ameuchagua, kwa sababu wenzake wote chamani walikuwa na wa namna hiyo na risasi yake inafika mbali. Mzee alisema ni mzuri, lakini si kwa risasi za kusubu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayojisokota, ndiyo inayoizungusha risasi iende imenyooka. Ya huu ilikuwa imejisokota sana, na ganda lake, kile kikopo kinachoshika risasi, linabeba baruti nyingi. Ukiisukuma risasi laini kwa kasi hiyo, haiwezi kufuata kona za mifereji, inateleza, inaacha madini yake yamepakazwa ndani ya mtutu, na ikitoka inayumba kama mlevi. Wa pili ulikuwa na unene wa wastani, ila karibu na mdomo wa nyuma kutu ilikuwa imeula, na sehemu iliyokwaruzika inaparura risasi kama kikwangulio cha nazi. Mzee alimpa Mama autazame kwenye mwanga wa dirisha. Mama akafunga jicho moja na kuchungulia kwa muda mrefu.

Wa tatu ulikuwa mnene. Kidole changu kidogo kiliingia bila shida. Ulikuwa mtutu wa wawindaji wa zamani wa huku, waliowinda wale wanyama wakubwa wenye pembe msituni, kabla watu hawajapenda kasi. Mifereji yake ilijisokota polepole, kama ngazi za jumba kubwa, na ganda lake lilikuwa fupi, la baruti kiasi. Risasi yake unaisubu nene kuliko tundu kwa unene wa unywele, ili ibane vizuri na moto usipite pembeni. Mzee alisema kwa risasi za kusubu hakuna kama huu, ila Baba hautaki, anauona wa kizee.

Mama akaniambia nimuulize swali moja, na niliulize kama anavyolisema yeye, nisiongeze. "Mwambie kuna mlio wa kupasua, ule unaopita juu ya kichwa kama mtu amechana shuka. Huo ndio naujua. Muulize ni lazima bunduki iseme hivyo?"

Nikalisema. Mzee alimtazama Mama, si mimi, na nadhani ndipo alipoelewa alikuwa anazungumza na nani. Alikaa kwenye kiti. Alisema hapana, si lazima. Mlio ule unatoka kwa risasi inayokwenda mbio kuliko sauti. Ikienda taratibu kuliko sauti, haichani kitu. Mtutu mwembamba ukiupunguzia baruti hivyo, karisasi kake kanakosa nguvu. Huu mnene unakubali, kwa sababu risasi yake ni nzito na haina haraka. Ila itashuka mapema. Kwa mbali haitafika vizuri, na Baba hatashinda kikombe hata kimoja maisha yake yote.

Mama akasema vikombe tunavyo nyumbani.

Masharti yakawa hivi, na mimi ndiye niliyeyapeleka juu kwa Baba: Mzee atafunga mtutu mnene. Baba atajaza maganda pamoja naye, baruti kidogo kama Mama alivyotaka. Mama atakuja uwanjani, atasimama karibu, na Baba atapiga. Mama akianguka chini, au akikimbia, au akinishika na kunifunika, mambo yameisha na hakuna wa kulaumiwa. Baba alisikiliza, akauliza kama mtutu mwembamba umezungumziwa. Nikasema umezungumziwa sana. Akavaa viatu, akachukua mfuko wa gereji pale mlangoni.

Walifanya kazi kibandani hadi lengalenga zikatoa mbegu. Risasi za Baba sasa zilikuwa laini, zinang'aa, nene kama kifundo cha kidole. Walizipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo, na kwa kuwa kikaango kilichotumika kilikuwa cha Mama, nilisikia mazungumzo kuhusu kikaango hicho yasiyohitaji mkalimani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa vuli. Mama alivaa koti lake la kanisani na kubeba chupa ya chai na mandazi, kwa sababu kwetu hata ukienda kupima moyo wako huendi mikono mitupu. Tulikwenda kwa gari la Mzee. Uwanja ulikuwa katikati ya misonobari, na bahati nzuri hapakuwa na mtu mwingine anayepiga. Mzee alitugawia vile vya kuziba masikio. Mama alivivaa, kisha akavivuta vikakaa shingoni. Mzee alitaka kukataza, akaacha. Mimi niliambiwa nisimame nyuma kabisa, nikasimama nyuma ya Mama, nimeshika mkanda wa koti lake, maana nilikuwa nimepanga kwamba akianguka nimzuie. Nilikuwa na uzito wa kuku, lakini mpango ulikuwepo.

Baba alilala kwenye mkeka, akaweka ganda, akafunga. Alichukua muda. Niliona mabega ya Mama yanapanda. Kisha bunduki ikalia, na ulikuwa mlio mzito, mfupi, wa chini, kama mtu ameangusha gunia la unga kwenye sakafu ya mbao. Mkanda ulinivuta mkononi. Mama alikuwa amepiga hatua moja nyuma, mguu wangu uko chini ya kiatu chake, na amesimama. Baba akageuza kichwa. Mama akamwonyesha kwa kidevu kwamba aendelee. Akapiga tena, na tena, hadi akamaliza alizopewa, na Mama yuko pale pale, machozi yanashuka na yeye anayaacha. Halafu akafungua chupa, akamimina chai. Nusu ikaenda kwenye majani. Baba alikuja, wakashika kile kikombe kwa pamoja, hakuna aliyekunywa.

Mzee alikuwa ameshaanza kutembea kwenda kwenye shabaha. Ni mbali kidogo na magoti yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo wakati yeye anatembea acha nikwambie yaliyofuata.

Baba alijiunga na chama na kupata kibali. Bunduki ilikaa kwenye kabati la chuma, ndani ya mlango wa Mama, naye ndiye alikuwa anakagua kama limefungwa. Vikombe hakushinda, kama ilivyotabiriwa. Mkesha wa mwaka ule Mama alikaa jikoni na si bafuni, mlango umefungwa na redio iko juu, lakini jikoni, na tulikula kama watu. Miaka ya baadaye alisogea hadi sebuleni. Sasa huko Hallunda husimama dirishani na kulalamika kwamba watu wanachoma hela.

Mzee wa Chini alihamia kwenye nyumba ya wazee nikiwa sekondari, na hakurudi. Kibanda kimepakwa rangi ya buluu na wenye bustani mpya wana trampolini. Ile harufu ya mshumaa na madini siisikii popote. Nilipita kiangazi kilichopita, nikasimama kwenye uzio nikivuta hewa kama mbwa hadi mwenye kibanda akatoka kuniuliza natafuta nini. Kwenye nyumba yake ya chini anakaa mtu mwingine, kwenye lifti tunatazamana na simu zetu. Watoto wanaotafsiri bado wapo, nawaona kwenye foleni za dawa na benki, wamesimama katikati ya watu wazima wawili wakikunja uso kutafuta neno. Huwa natamani kuwaambia wasiharakishe, kwamba wako mahali pazuri kuliko wanavyojua. Siwaambii. Mimi ni mtu wa ndani, nikitoka natoka kununua maziwa.

Basi Mzee alifika kwenye shabaha, akainama, akaitazama mbele na nyuma, akaibandua. Akarudi nayo polepole. Baba na Mama bado walikuwa wameshika kikombe kimoja. Aliinua karatasi ile ikiwa nyeupe, safi kama ilivyotoka dukani, akaniita nitafsiri, akangoja nimkaribie, na alichosema ni hiki, neno kwa neno:

"Mtutu hauna kosa. Risasi hazina kosa. Mwambie mama yako huyu mwanamume hakuitazama shabaha hata mara moja, alikuwa anamtazama yeye."